Upande wa Nyuma wa Kadi

Najua wengi wenu mmefika hapa leo mkitarajia sehemu ya tatu ya yale mafunzo ya hifadhidata niliyowaahidi. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Lakini wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia barua pepe akiuliza: mbona kila mara unatuhimiza tuhifadhi hata data ambayo tunaona haina kazi? Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, mistari ikawa kurasa, na mwishowe nikaona heri nisimulie kisa chote hapa. Kisa chenyewe hakihusu seva wala msimbo, ila kwa mbali. Kinahusu vipande vya karatasi ngumu vyenye ukubwa wa karata. Jimiminieni chai kwanza.

Mimi ni mtu wa programu, na shida moja ya kazi hii ni kwamba hutengenezi kitu kinachoshikika. Seremala akimaliza kiti anakikalia. Mwaka 2016 kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilizima mfumo ambao mimi na wenzangu wanne tuliujenga kwa miaka mitatu. Uliuzimwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumatatu hakuna aliyeutaja! Miaka mitatu ya maisha yangu, na sikubaki hata na msumari wa kumwonyesha mtu.

Wikendi iliyofuata nikaenda kwa mama, Murang'a. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nikiwa mdogo hutengeneza kadi za magome ya migomba. Bila shaka mmeziona madukani mwa watalii: magome yaliyokauka, ya rangi ya kahawia iliyokolea na iliyopauka, yanakatwa na kubandikwa yakawa mama aliyebeba mtungi, au Mlima Kenya, au twiga. Mama alikuwa akiziuza kanisani kila palipokuwa na harambee. Nilimkuta barazani akikata. Hakuniuliza habari za kazi. Alinisogezea wembe na gundi, akaniambia, "Kata wewe shingo ya twiga, macho yangu hayaoni vizuri." Shingo niliyokata ilikuwa kama ya bata (ha ha!), lakini nilirudi Nairobi nikiwa na kitu mkononi.

Basi nikaanza kutengeneza zangu, ndogo ndogo, usiku baada ya kazi. Nikitafuta mtandaoni jinsi wengine wanavyofanya ndipo nikagundua kwamba kuna dunia nzima ya watu wanaotengeneza kadi za sanaa na kubadilishana kwa posta. Aliyeanzisha desturi hiyo ni msanii wa Uswisi anayeitwa M. Vänçi Stirnemann. Mwaka 1997, mjini Zürich, alifanya maonyesho ya kadi 1,200 alizotengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Watu walipotaka kuzichukua, hakuwauzia. Aliwaambia wakatengeneze zao, warudi wabadilishane. Kipimo ni kimoja duniani kote: milimita 64 kwa 89, sawa na karata au zile kadi za wachezaji ambazo watoto wa Ulaya na Marekani hukusanya. Mbele unaweka chochote: rangi, uzi, kitambaa, picha zilizokatwa. Nyuma unaandika jina lako, tarehe, jina la kazi na namba. Na sheria kubwa ni hii: kadi haiuzwi. Inabadilishwa tu. Wanaotaka kuuza kadi za ukubwa huo wameipa biashara yao jina jingine kabisa, ili watu wasichanganye mambo.

Ukirudi nyuma zaidi utakutana na Mmarekani Ray Johnson, aliyezaliwa Detroit mwaka 1927. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akitumia posta kama watu wengine wanavyotumia ukuta wa makumbusho. Alikuwa akimtumia mtu mchoro nusu, na maelekezo: ongeza kitu, kisha mpelekee fulani. Mwaka 1970 jumba la Whitney mjini New York lilifanya maonyesho ya vitu ambavyo watu waliokuwa wakiandikiana naye walivituma. Maonyesho ya sanaa ya posta yaliyofuata yakajiwekea kanuni ambazo mpaka leo zinanipendeza: hakuna ada ya kuingia, hakuna majaji, kila kilichotumwa kinaonyeshwa, hakuna kinachorudishwa, na kila aliyetuma anapelekewa orodha ya washiriki wote pamoja na anwani zao. Mnaona? Hiyo ni programu huria kabla ya programu huria!

Nami nikajitosa. Nikakodi sanduku la posta, nikanunua stempu, nikaanza kutuma. Wale wa mitandao mtanielewa nikisema posta ni kama UDP: unatupa pakiti yako, unaomba Mungu, na hakuna ujumbe wa kukuambia imefika. Kijana Mreno aitwaye Paulo Magalhães alilitatua tatizo hilo kwa upande wa postikadi mwaka 2005, alipoanzisha Postcrossing. Kila postikadi ina namba yake, anayeipokea anaiandikisha, na ikishaandikishwa wewe uliyetuma unawekwa kwenye foleni ya kupokea kutoka kwa mtu mwingine usiyemjua. Msimbo safi kabisa. Lakini kadi zangu mimi zilienda kwa njia ya zamani, bila namba ya kufuatilia, na kwa kweli nyingi zilifika.

Mwaka 2017 nilituma kadi tatu za migomba kwenye maonyesho fulani ya posta Ulaya. Orodha ya washiriki ilipotoka, anwani yangu ilikuwa humo. Miezi miwili baadaye nikapata bahasha kutoka mji mdogo karibu na Leipzig, Ujerumani. Ndani kulikuwa na kadi moja na barua fupi ya Kiingereza iliyopigwa taipureta, imeanza hivi: "Mpendwa Bwana wa Migomba." Aliyeandika alikuwa bibi wa miaka themanini na moja. Hakuwa na tarakilishi, hakuwa na barua pepe. Alikuwa amefanya kazi ya kupiga taipu kiwandani maisha yake yote, katika ile iliyokuwa Ujerumani Mashariki.

Na kadi yake! Picha yote ilikuwa ya herufi. Sisi tuliokulia kwenye skrini nyeusi za maandishi tunajua michoro ya herufi, tukadhani ni yetu. Bibi huyu alikuwa akiichora kwa taipureta kabla sijazaliwa. Baadaye nilisoma kwamba hakuwa peke yake. Huko Berlin Mashariki alikuwako mama mmoja, Ruth Wolf-Rehfeldt, mfanyakazi wa ofisi aliyeanza katika miaka ya 1970 kutumia taipureta kuchora mawimbi, maua na masanduku kwa herufi na alama, kisha akizisambaza duniani kwa posta, na nakala za karatasi ya kaboni juu yake. Wakati huo raia wa kawaida hakuweza kusafiri kwenda nchi za Magharibi, na polisi wa siri walikuwa wakifungua barua za wasanii wa posta na kuwawekea faili. Bahasha ilikuwa ndiyo pasipoti yao. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 na nchi kuungana 1990, mama huyo akaacha kutengeneza kazi hizo. Alifariki mwaka 2024, dunia ikiwa imemtambua tayari.

Bibi yangu wa Leipzig (nilianza kumwita bibi, naye akafurahi) hakuwa maarufu. Tulibadilishana kadi sita kwa sita katika miaka miwili. Ya sita ilikuwa mbayuwayu. Mkia wake ulikuwa alama za mkwaju, mabawa yalikuwa herufi v nyingi, ndogo ndogo, na jicho lilikuwa nukta moja nyekundu, kwa maana utepe wa taipureta yake ulikuwa wa rangi mbili. Mnajua mbayuwayu wa Ulaya huja huku kwetu wakikimbia baridi. Aliandika kwenye barua kwamba labda yule aliyekaa kwenye dirisha lake mwezi wa nane ndiye anayepita juu ya paa langu mwezi wa kumi na moja. Nyuma ya kadi kulikuwa na mhuri wake mwekundu, namba, na mistari minne ya Kijerumani. Nilijiambia nitamtafuta mtu anitafsirie.

Sikumtafuta. Kadi zote nilizopokea nilizipiga skani, nikaziweka kwenye hifadhidata niliyoijenga mwenyewe, yenye jina, nchi, tarehe, picha. Upande wa mbele tu. Upande wa nyuma niliona ni wino wa kupoteza nafasi ya diski.

Sasa tuje kwenye harambee. Mwishoni mwa 2019 soja wa jengo letu la ofisi alitueleza kwamba binti yake wa miaka sita ana tundu kwenye moyo, na madaktari wamesema afanyiwe upasuaji. Bima ingelipa sehemu. Kilichobaki kilikuwa shilingi 310,000. Mzee yule alikuwa akitufungulia lango kila asubuhi kwa miaka minne, akijua majina yetu wote. Kamati ikaundwa, mhazini akachaguliwa, na mimi katika kikao cha kwanza nikapayuka: kwa nini tusifanye maonyesho ya kadi?

Wazo halikuwa langu. Chuo cha Royal College of Art cha London kilianza mwaka 1994 kuuza kazi za ukubwa wa postikadi kwa bei moja, bila kuonyesha jina la aliyechora. Sahihi iko nyuma. Ukishalipa ndipo unajua kama umepata kazi ya mwanafunzi au ya Damien Hirst au Yoko Ono, na fedha zinakwenda kusaidia wanafunzi. Mwaka 2011, huko Moss, Norway, mchoraji David Sandum aliomba kadi kutoka kwa wasanii waliokuwa wakifuatana kwenye Twitter (ambayo tangu 2023 inaitwa X), zikaonyeshwa na kuuzwa ili kuinunulia maktaba vitabu vya watoto. Kama Norway wameweza, nikasema, Nairobi inatushinda nini?

Tatizo lilikuwa ile sheria: kadi haiuzwi. Nilikuwa na kadi 74 kutoka kwa watu 31, nao walinipa kwa kubadilishana, si kwa biashara. Nikaamua kuwaomba ruhusa mmoja mmoja. Thelathini niliwaandikia barua pepe. Ishirini na wawili wakakubali, na baadhi wakaahidi kutuma nyingine. Watano wakakataa. Mmoja wao aliniandikia kwa ukali kwamba mtu akishaanza kuuza kwa sababu nzuri, ataendelea kuuza kwa sababu yoyote. Watatu hawakujibu, nikaziweka kadi zao kando. Bibi wa Leipzig nilimwandikia barua ya karatasi, nikaiposti tarehe 6 Januari 2020.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, tarehe 8 Februari. Ijumaa usiku tulikuwa tumetundika kamba ukumbini, kadi zimeshikwa kwa vibanio vya nguo, nyuma zimegeukia ukutani. Kadi 58 za wale walioniruhusu, na 123 zilizotengenezwa na wafanyakazi wenzangu, watoto wa Sunday School, mama yangu (kumi na tano!), na vijana wa jua kali waliokata vyuma vya makopo. Jibu la bibi lilikuwa halijafika. Mwenzangu aliyekuwa akipanga nazo akaiona ile ya mbayuwayu kwenye albamu yangu, akasema, "Hii ndiyo itakayowasimamisha watu mlangoni. Weka."

Nikamwambia sijapata ruhusa. Akaniambia, "Anyamazaye amekubali. Kwani huyo bibi akimwona mtoto atakataa?"

Nikaiweka. Namba 117. Zile tatu za watu wasiojibu barua pepe nilikuwa nimeziacha, maana hao sikuwapenda kama nilivyompenda bibi, kwa hiyo sikujiona nina haki ya kuwajibia. Huyu nilimpenda, nikamjibia. Nyinyi wanaprogramu mnalijua kosa hili, nami nimewahi kuwakemea vijana kazini kwa ajili yake: kukuta thamani tupu ukaichukulia kuwa ndiyo.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri kupita matarajio. Kila kadi shilingi 500, iwe ya mtoto wa darasa la pili au ya msanii wa Toronto, malipo kwa M-Pesa kwenye simu ya mhazini. Mimi nilikaa mezani na lahajedwali langu: namba ya kadi, bei, saa iliyouzwa. Watu walikuwa wakichungulia nyuma kujua aliyechora, nasi tukawatania kwamba ukichungulia umenunua. Ziliuzwa kadi 169. Shilingi 84,500. Pamoja na michango mingine tulivuka kiwango. Mzee soja alisimama kutushukuru akashindwa kumaliza.

Mwezi uliofuata, tarehe 13 Machi 2020, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na barua nazo zikakwama. Upasuaji uliahirishwa, ukafanyika Julai. Ndege zikaanza tena tarehe 1 Agosti. Nami nilikwenda kufungua sanduku langu la posta mwezi wa kumi, baada ya kulisahau kabisa.

Kulikuwa na bahasha nene kutoka Leipzig. Ndani barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya taipureta, tarehe 27 Januari. Nitaieleza kwa maneno yangu. Bibi alisema amehuzunika kusikia habari za mtoto, na ameweka noti ya euro 20 kama mchango wake. Ilikuwemo, imekunjwa ndani ya kipande cha gazeti. Kuhusu kadi, aliniomba nisiziuze. Alisema zamani katika nchi yake kila kitu kilikuwa na mtu wa kukikagua na kukitia bei, na kadi ndizo pekee zilizokuwa nje ya hayo. Kama kuna mtu anaitaka sana mojawapo, nimpe, mradi naye atengeneze kadi kwa mkono wake, hata iwe mbaya namna gani, na amtumie.

Barua ya pili ilikuwa ya binti yake. Mama yake aliugua siku chache baada ya kuandika, akafariki mwezi wa tatu. Barua waliikuta kwenye mkoba wake, imefungwa, ina stempu, haikuwahi kupostiwa. Binti aliomba jambo moja. Mama hakuwa na desturi ya kujiwekea nakala. Je, naweza kumtumia picha za kadi zote sita, mbele na nyuma? Nyuma hasa, aliandika, kwa sababu mama alikuwa akiandika huko mambo yake ya siku hiyo.

Nilikaa kwenye ngazi za posta na barakoa yangu, nikazisoma tena.

Kadi tano nilikuwa nazo. Nikazipiga skani pande zote, nikampelekea mwanafunzi mmoja wa Kijerumani anitafsirie. Yalikuwa mambo madogo kabisa. Bei ya stempu imepanda. Jirani amepaka lango rangi mbaya. Goti linauma, mvua itanyesha. Leo nimechuma cheri za mwisho. Miaka miwili zilikuwa kwenye albamu yangu na sikujua kwamba goti lake linauma.

Kadi ya sita, namba 117, nilikuwa nimeiuza saa nane na dakika arobaini na moja mchana, na kwenye lahajedwali langu hakukuwa na safu ya jina la mnunuzi. Niliiacha makusudi! Nilisema haina kazi.

Nikamwendea mhazini nikamweleza. Alikubali tuangalie pamoja ujumbe wa M-Pesa wa siku ile, kwenye simu yake, na kwamba apige yeye, si mimi. Tulipata malipo matatu ya shilingi 500 kati ya saa nane na dakika thelathini na tisa na saa nane na dakika arobaini na nne. Wa kwanza alikuwa mama aliyenunua kadi ya mwanawe mwenyewe. Wa pili namba yake haikupatikana. Wa tatu akasema, "Ndege wa herufi? Ninaye hapa mezani. Kwani ana nini?"

Alikuwa fundi wa simu mtaa wa Luthuli. Nilikwenda Jumamosi. Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja, na meza yake imefunikwa kioo. Chini ya kioo, kati ya kalenda na orodha ya bei za skrini, alikuwako mbayuwayu. Nikamweleza kisa chote, nikiwa nimesimama, wateja wakinisukuma. Nikamwambia nitamrudishia pesa zake mara nne.

"Mkubwa, hiyo siuzi," akasema. "Mimi nilitoa 500 kwa ajili ya mtoto. Sikununua karatasi. Lakini karatasi nayo nimeizoea. Nikichoka macho namwangalia huyu."

Sikuwa na la kujibu. Alikuwa na haki. Nikamwomba basi aitoe tu nipige picha ya nyuma, nimrudishie papo hapo. Akanitazama, akakuna kichwa. "Nyuma hakuna tena. Niliibandika na supagluu, isiteleze."

Tulijaribu. Aliinua kioo, akaleta kile kisu chembamba cha kufungulia simu, akapasha joto na mashine yake ya hewa moto, taratibu, kama anayetoa skrini ya simu ya bei ghali. Kona moja ikainuka. Wino mwekundu wa mhuri ukabaki kwenye ubao wa meza, na karatasi ikaanza kuchanika kwenye mkia. Nikamwambia aache. Akaacha. Nikamwuliza kama anakumbuka kilichoandikwa. Akasema kulikuwa na namba, na mhuri, na mistari kadhaa ya lugha asiyoijua, na kwamba alidhani ni maneno tu ya kiwandani.

Maneno yale yamepotea, ndugu zangu, na hakuna nakala ya akiba popote. Siwezi hata kubahatisha yalihusu mbayuwayu au goti.

Kabla sijaondoka nilimsomea fundi ile barua ya bibi, nikimtafsiria. Kadi haiuzwi, anayeitaka atengeneze yake. Akacheka, akasema yeye tangu darasa la nane hajachora kitu. Nikamwachia kipande cha karatasi ngumu, 64 kwa 89, nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye akanipigia. Alikuwa amekata ubao wa saketi wa simu iliyokufa kwa kipimo kilekile, akausugua kwa msasa, na juu yake akachomelea nyaya nyembamba za shaba zikawa ndege. Mabawa hayalingani. Jicho ni taa ndogo nyekundu iliyotolewa kwenye redio. Nyuma aliandika kwa kalamu ya wino: jina lake, Luthuli, tarehe, "Deni limelipwa." Niliipiga picha nyuma na mbele, mara mbili mbili, kisha tukaiposti kwa binti, pamoja na picha za kadi tano na picha ya mbayuwayu akiwa chini ya kioo. Nami nikamwandikia ukweli wote: kwamba niliiuza bila ruhusa, na kwamba nyuma yake haipo tena. Zile euro 20 tulikuwa tumeshampelekea mzee soja.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Binti hakunikaripia. Wala hakusema haidhuru, na nilimheshimu kwa hilo. Aliandika kwamba amesikitika kwa ajili ya kadi ya sita, na kwamba amezisoma zile tano mara nyingi. Akaambatanisha picha: taipureta ya mama yake juu ya meza karibu na dirisha, na ndege wa shaba ameegemezwa kwenye vibonye. Nilimpelekea fundi picha hiyo. Ameiweka chini ya kioo, pembeni mwa mwenzake. Safari hii hakutumia gundi.

Msichana yuko shule, anakimbia kama wengine. Baba yake bado analinda lango lile, ingawa mimi nilishahama kazi. Maonyesho ya kadi tumefanya tena mara mbili kwa ajili ya watoto wengine, kwa utaratibu mpya: zinazouzwa ni zile tu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, na aliyezitengeneza ameandika hivyo nyuma kwa mkono wake. Zilizokuja kwa kubadilishana zinatundikwa kwenye kamba ya peke yake. Anayeitaka moja anakaa kwenye meza iliyo na karatasi, makasi na gundi, anatengeneza yake. Meza hiyo ndiyo hujaa watu.

Basi, wewe uliyeniuliza kuhusu data isiyo na kazi, jibu langu ndilo hilo. Na kama kuna kati yenu anayetaka kuanza, kata karatasi ngumu milimita 64 kwa 89, weka chochote mbele, na nyuma andika jina lako, tarehe, na jambo moja la siku hiyo. Sehemu ya tatu ya hifadhidata ni Jumatano, Mungu akipenda, na tutaanza na thamani tupu.